Sentensi ya Kwanza ya Papa Octave

(Hotuba ya Mheshimiwa Hugues, Mwenyekiti wa Komite ya Maneno ya wapenzi wa mwimbaji Papa Octave, aliyoitoa kanisani Mantapala, makazi ya wakimbizi wa Kongo nchini Zambia, siku ya kuzindua ukurasa wa mtandao wa kueleza maisha na nyimbo za mzee huyo. Madirisha yamezibwa kwa plastiki ili kuwe na giza. Mbele limetundikwa shuka jeupe, na mashine ya kurushia picha imewekwa juu ya kreti ya soda. Watu wamejaa hadi mlangoni.)

Mheshimiwa mwakilishi wa wakubwa wa makazi haya, ambaye majukumu yamembana akashindwa kufika lakini ametutumia kofia yake, na kofia ile pale nimeiweka kwenye kiti cha mbele, naomba isikaliwe na mtu. Mheshimiwa Mchungaji mwenye nyumba, uliyetuazima mabenchi yako yote isipokuwa yale mazima. Waheshimiwa wavuvi na wachuuzi mliopanda lori kutoka Nchelenge na Kashikishi kuja kupata mwanga. Waheshimiwa wapenzi wa Lubumbashi, wa Lusaka na wa nchi za baridi, mnaotufuatilia kwa simu. Waheshimiwa mlioko nje juu ya kichuguu, maana ni pale tu mtandao unaposhika, na ambao nimewapa kazi ya kuwapasia wale wa mbali kila nitakapotamka jambo kubwa, donc hamtapumzika. Wajumbe wa Komite ya Maneno, wajumbe wa Komite Ndogo ya Maneno, na wajumbe wa Komite ya Kusuluhisha Komite hizo mbili. Mama Marie, mke wa mlengwa. Papa Octave mwenyewe, ambaye ndiye mlengwa. Na mimi, Hugues, kwa sababu protokole haisemi popote kwamba mtu asijisalimie: bonjour kwenu nyote, mukwai.

(Makofi. Wajumbe wa Komite wanaendelea kupiga baada ya wengine kuchoka.)

Asanteni, kaeni, mnanitia haya. Nitazungumza leo Kiswahili cha ofisi, siyo kile chenu cha kuuzia dagaa wa chisense sokoni, kwa sababu jambo hili ni la ofisi. Mnanijua. Kule kwetu Pweto, kabla ya vita, nilikuwa na meza, na juu ya meza kulikuwa na muhuri, na hapakuwa na mtumbwi uliotoka ufukweni bila mimi kusoma karatasi yake mara mbili. Wengine mnasema niliwachelewesha. Mimi nasema niliwapa muda wa kutafakari safari.

(Sauti ya mwanamke nyuma: «Washa mashine! Hatuone kitu kwa shuka!» Kangwa, mwenye jenereta: «Prezida, mashine iko...»)

Kangwa, zamu yako haijafika. Kila kitu kina zamu yake. Shuka mtaliona, ukurasa mtauona, lakini ukurasa usiotanguliwa na hotuba ni sawa na nini? Ni sawa na ukurasa tu. Ngojeni kwanza mfahamu mnachokwenda kukiona.

Bon. Historia. Papa Octave huyu hapa, mwenye kitambaa shingoni na gitaa mapajani, alifika ng'ambo hii mwaka ule wa mitumbwi, elfu mbili na kumi na saba, pamoja na sisi wote. Nasema «alifika» kwa muda tu, kwa sababu neno lenyewe bado liko mbele ya Komite. Pale Kenani, kambi iliyotupokea kwanza, wakati watu wamekaa chini ya hema, yeye aliimba. Na mwajua namna alivyofanya kazi. Mtu aliyepoteza mtu wake majini alikwenda kukaa karibu naye, akamtajia jina, akamwambia kidogo mtoto yule alikuwaje, bibi yule alipenda nini, na Papa Octave akaliweka jina katika wimbo. Hakuandika, kwa sababu hajui kuandika. Aliliweka kichwani. Kwaya mkashika kiitikio, misibani mkaimba kiitikio, kwenye simu mkatumiana kiitikio; lakini beti zenye majina hakuna aliyezishika isipokuwa yeye, maana majina ni mengi, na ninyi kazi yenu ni kuitikia.

(Sauti: «Kweli!» Mwanamke mmoja kijana, Gloire, ameinamisha kichwa. Kaka yake yumo katika wimbo.)

Ndipo ikazaliwa familia ya wapenzi wa Papa Octave katika mtandao, na ndipo likatoka wazo la ukurasa. Wazo lilikuwa la watu wengi, lakini mimi ndiye niliyelitamka kwa sauti kubwa, donc ni langu. Ukurasa wa pamoja, ambao kila mpenzi popote alipo ataweza kuandika na kusahihisha, wenye maisha ya mzee na maneno ya nyimbo zake zote, na majina yote ndani yake, ili mtoto wa mtoto wetu akiuliza, afungue simu na asome. Hiyo ndiyo ilikuwa vizheni. Na daktari naye, kama mnavyokumbuka, alikuwa ameshasema kwamba koo la mzee lina ugonjwa, kwamba atapelekwa hospitali kubwa ya mbali kukatwa, na kwamba sauti inaweza isirudi. Haraka ilihitajika. Kwa hiyo tuliunda komite.

(Makofi ya Komite.)

Na mimi, kwa unyenyekevu ule ambao wengi wenu mmeusifu na wengine mtausifu, nilikubali kuchaguliwa na wajumbe ambao nilikuwa nimewachagua. Siku hiyohiyo nilitunga Sheria Mama, ambayo leo inasomwa hadi Lubumbashi: hakuna mtu atakayeandika sentensi ya pili kabla sentensi ya kwanza haijakubaliwa na wote. Ni sheria nyepesi. Ni sheria safi. Mtu hajengi paa kabla ya... hapana, sitaki mifano, ninyi mnapenda mifano kisha mnasahau sheria.

Sasa, sentensi ya kwanza. Mtu asiye na shule anaweza kudhani ni rahisi. Ndugu Pitchou, mratibu wetu wa Lubumbashi, ambaye yuko kwenye simu na namsikia akipumua, aliandika hivi, nanukuu: «Papa Octave ni mwimbaji mkubwa wa Ziwa Moero.» Nilipoisoma damu ilinichemka. Moero! Tumekaa upande huu, tunakula samaki wa upande huu, tunaandikishwa upande huu, na ziwa upande huu linaitwa Mweru. Nikafuta Moero, nikaweka Mweru. Pitchou akafuta Mweru, akaweka Moero. Mimi Mweru, yeye Moero. Nikimaliza kunywa chai asubuhi nakuta Moero, yeye akitoka kazini anakuta Mweru. Takwimu zinaonyesha kwamba asilimia tisini na nne ya kazi yote iliyofanyika kwenye ukurasa ule ilikuwa neno hilo moja, na hii, mabibi na mabwana, ndiyo tunayoiita ushirikishwaji wa hali ya juu.

(Kutoka kwenye simu, sauti ya Pitchou inakwaruza: «Moero!» Watoto wanacheka.)

Mnamsikia? Hata leo. Hana haya.

Tulipoona hivyo tukafanya kapasiti bildingi. Ujumbe wa watu saba ulikwenda ziara ya mafunzo Mofwe, ili kuchunguza jinsi jamii nyingine za wavuvi zinavyoliita lagoon lao, yaani ziwa lao dogo. Ikagundulika kwamba wanaliita Mofwe. Samaki walikuwa wazuri sana, wakubwa, wa kuchoma, na ujumbe ukapendekeza ziara ya pili.

Kisha likaja neno «mkubwa». Mjumbe mmoja akauliza, kwa haki kabisa, mkubwa kwa kipimo gani? Maana Papa Octave, mtaniwia radhi mzee, si mtu mrefu. Komite Ndogo ikafika nyumbani kwake ikampima kwa kamba ya wavu, yeye amesimama wima ukutani, mstaarabu, hata kofia alivua. Ikaonekana si mkubwa. Wengine wakasema iandikwe «mashuhuri», wengine «anayejulikana», na Ndugu Pitchou akatuma ujumbe wa sauti mrefu sana wa kueleza tofauti ya mashuhuri na maarufu, ambao hakuna aliyeweza kuusikiliza hadi mwisho kwa sababu juu ya kichuguu mvua ilianza kunyesha.

Kisha «mwimbaji». Wengine wakasema anapiga gitaa pia, donc ni mwanamuziki. Wengine wakasema mwanamuziki ni mtu wa baa. Mchungaji hapa ni shahidi, alitoka kwenye kikao hicho bila kuaga.

(Mchungaji: «Nilitoka juu nilikuwa na maziko.»)

Voilà, alikuwa na maziko. Kisha likaja lile gumu kuliko yote. Baada ya jina, tuseme nini? Mkimbizi? Mkongomani? Mkaaji wa Mantapala? Aliyevuka, aliyekimbia, au aliyehama? Hapo tulipigana vikali. Watu waliokuwa wamelala chini ya hema moja waliacha kusalimiana. Tukaamua kupeleka swali kwa familia, na mimi mwenyewe nikamfuata Mama Marie shambani kwake, amevaa buti, anapalilia mihogo, nikamuuliza rasmi: Mama, kwa mtazamo wako kama stekiholda, mlengwa aandikweje? Mama Marie, ukumbuke ulichonijibu.

(Mama Marie, bila kusimama: «Nilisema, andika iko bwana yangu. Andika anaimbaka batu yetu benye kufa. Basi.»)

Mmesikia. Maneno mazuri, yana hisia, yanafaa kanga. Lakini yalikataliwa kwa kukosa chanzo huru. Kanuni za kimataifa za kurasa kama hizi, ambazo nimezisoma nusu yake, zinadai kila neno liwe na chanzo kisichokuwa na masilahi. Mke ana masilahi. Hilo ni wazi hata kwa mtoto.

(Minong'ono. Sauti ileile ya mwanamke nyuma: «Awe, ba Hugues! Sema na ya simu! Sema ya simu yangu!»)

Nafika, nafika. Huyo anayepiga kelele, kwa wageni wasiomjua, ni Dada Ennie, mchuuzi wa chisense wa Nchelenge, Mzambia, mpenzi wa nyimbo za Papa Octave tangu zamani, na mtu aliyefukuzwa rasmi kutoka katika familia yetu ya mtandao kwa mkono wangu huu. Nieleze sababu, ili usiwepo uvumi.

Wiki ile kabla mzee hajapelekwa hospitali, wakati Komite iko katikati kabisa ya neno «mashuhuri», Ennie alitoka sokoni akaacha samaki wake juani, akaja hapa na simu yake kubwa, akasema, bila ajenda, bila kuomba nafasi ya kusema, kwamba tukae na Papa Octave siku nzima, mzee aimbe nyimbo zote, yeye Ennie arekodi, kisha tugombane baadaye. Kisha tugombane baadaye! Hayo ndiyo maneno yake. Nilimuuliza: mzee akiimba «nilivuka», na Komite baadaye ipitishe «nilikimbia», rekodi hiyo tutaiweka wapi? Hakuwa na jibu.

(Ennie: «Nilikuwa na jibu! Nilikuambia utakufa na hayo maneno yako, mukwai!» Vicheko. Wengine hawacheki.)

Hilo si jibu, hilo ni tusi, na ndivyo lilivyopokelewa. Akanizunguka akaenda nyumbani kwa mzee peke yake. Na hapa, waheshimiwa, nataka nimpe Papa Octave sifa anazostahili, kwa sababu si kila msanii anaheshimu taratibu. Papa Octave alimwambia Ennie nini? Alimwambia: «Prezida alisema tungoje kidogo. Tungoje.» Alingoja! Alikuwa ameshika gitaa, koo linamuuma, amekunywa maji ya tangawizi, yuko tayari, na bado alingoja. Mpigieni makofi.

(Hakuna anayepiga. Papa Octave anatazama nyuzi za gitaa lake.)

Alingoja kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza. Alikuja kwangu kabla ya hapo, kwa miguu, akakaa kwenye gogo langu la wageni, akasema, Prezida, mi nataka niwapatie nyimbo zote mbele ya kisu ya daktari, mutu mumoja aandike, mi nisemaka tu polepole. Nikamweleza kwa upendo kwamba haiwezekani, kwa sababu kanuni zinakataza mhusika kuandika juu yake mwenyewe. Huo unaitwa mgongano wa masilahi. Nyimbo ni zake, kichwa ni chake, mdomo ni wake. Hawezi kuwa chanzo cha nyimbo zake. Akaniuliza, sasa chanzo ni nani, na mimi pekee njo ninazijua? Nikamwambia hilo ni swali zuri sana, na nikalipeleka mbele ya Komite Ndogo.

(Sauti za hasira. Mzee mmoja anasimama: «Wewe uko na akili kweli?» Anavutwa kukaa.)

Liko huko hadi leo. Tulieni. Tulieni, nasema! Muko na fujo kama batu ya... kama watu wa sokoni. Mnadhani mimi napenda? Mimi ndiye niliyepanda kichuguu kwenye jua! Mimi ndiye niliyepiga kura mara nyingi kuliko mjumbe mwingine yeyote, kuhusu kila neno, na pale kura zilipofungana nilipiga tena! Kama si mimi, Moero ingekuwa imepita zamani!

Basi. Mzee akaenda hospitali. Amerudi, mnamwona, ana afya, anakula uji, anatembea. Sauti tu ndiyo haikurudi. Hatamki neno. Na hapa ninayo habari njema ambayo nimeitunza makusudi hadi sasa, na naomba mlioko kwenye kichuguu muipitishe mara moja: kutokana na hali hii mpya, Komite imethibitisha kwa kauli moja kwamba mgongano wa masilahi umekwisha.

(Nje, kutoka juu ya kichuguu, mtu anapiga kelele kwenye simu: «Anasema mgongano ya masilahi inaisha!»)

Nilitegemea makofi hapo. Si kitu. Tuendelee na ratiba. Ratiba inasema: burudani. Mama Marie ataongoza kiitikio cha wimbo wa mtumbwi, na mlengwa atasindikiza kwa gitaa, kwa ufupi, halafu nitazindua. Mama, karibu. Kwa ufupi.

(Mama Marie anasimama karibu na mume wake. Anaanza peke yake, kisha kanisa zima linaingia:

«Mama, weka mutoto katikati ya bwato,
mai isimuone, mai isimuone.
Ng'ambo kuko batu banaota moto,
batatupokea, batatupokea.»)

Vizuri sana. Imetosha. Nitambue tu kwamba neno «bwato» halijapitishwa. Kuna mapendekezo ya «mtumbwi» na «pirogi», na wale wa...

(Gitaa halikuacha. Papa Octave ameingia kwenye ubeti wa pili, ule wa majina. Anapiga mstari, anasimama pale lilipokuwa jina, anangoja. Hakuna anayeimba. Watu wanatazamana. Anaurudia mstari uleule, anasimama palepale. Gloire anainua kichwa. «Albert!» anasema. Mzee anaitikia kwa kichwa, anakwenda mstari wa pili.)

Dada yangu, tafadhali, ratiba haina sehemu ya wasikilizaji kutoa maoni.

(Gitaa linasimama. Mwanamume aliye kwenye dirisha: «Zacharia. Baba yangu.» Mstari mwingine. Sauti ya bibi: «Thandiwe, mukaza-mwana yangu.» Mstari mwingine. Mtu wa mlangoni: «Chadrack!» Ennie amepanda juu ya benchi, ameinua simu juu ya vichwa vya watu.)

Ennie, shusha simu! Mchungaji, mwambie ashushe simu! Majina hayo hayana chanzo! Huyo Zacharia aliyetajwa, ni Zacharia yupi? Nani amethibitisha? Mnaniharibia uzinduzi! Mnajaza majina ovyoovyo mbele ya wageni, mbele ya kofia ya mkubwa! Mutanyamaza lini? Mi niko nasema!

(Gitaa linapiga mstari mwingine na kusimama. Hakuna anayetaja jina. Papa Octave anatazama upande mmoja wa kanisa, kisha upande wa pili. Anaurudia mstari. Watu wanageuka nyuma, mlangoni, kuangalia kama kuna yeyote wa familia ile. Anaurudia mara ya mwisho, midomo yake inatembea, hakuna kinachotoka. Mama Marie anaweka mkono juu ya nyuzi.)

Ahaa. Asanteni. Hapo mwisho ndipo mlipofanya vizuri. Mmenyamaza wote pamoja, wa Nchelenge, wa Mantapala, hata Lubumbashi kwenye simu imenyamaza, na mimi kama Mwenyekiti naandika kwamba juu ya sehemu hiyo Komite haina pingamizi.

Tufike sasa kwenye kilele cha siku. Najua mna njaa, najua lori la Kashikishi linataka kuondoka, na najua wengine mnalia, jambo linaloonyesha uzito wa tukio. Tangu mwanzo mmekuwa mkipiga kelele: washa mashine, washa mashine. Kangwa, sasa ni zamu yako. Waambie wananchi.

(Kangwa: «Prezida, njo nilikuwa nakuambia. Mashine iko inawaka tangu asubuhi.»)

Inawaka tangu asubuhi! Mmesikia? Na jenereta inakula mafuta tangu asubuhi! Geukeni mtazame shuka. Msitazame mashine, tazameni shuka. Mnachokiona pale ndicho ukurasa. Ndiyo, ule weupe. Siyo shuka tupu, mama yangu, usiseme shuka tupu. Huo ni ukurasa wenyewe, umefunguliwa kutoka mtandaoni kwa gharama kubwa, moja kwa moja. Kila lililoandikwa na Lubumbashi nililifuta, kila nililoliandika mimi Lubumbashi ililifuta, na baada ya kazi hiyo yote, kwa uvumilivu, kwa kutokata tamaa, tumefika kwenye maneno ambayo hakuna mjumbe hata mmoja, upande wowote wa ziwa, aliyeyapinga. Ndiyo hayo. Yatazameni.

(Watu wanalitazama shuka. Mtoto mmoja anatembeza kivuli cha mkono wake juu yake, mama yake anamvuta. Benchi kwa benchi, watu wanaanza kutoka. Wanampitia Papa Octave, kila mmoja anainama sikioni kwake na kumtajia jina. Yeye anamwitikia kila mmoja kwa kichwa. Ennie amekaa miguuni pake na simu.)

Msiondoke kabla ya kaulimbiu! Kaulimbiu haichukui muda! Nikisema «Maneno!» mnajibu «Yangoje!» Maneno! ... Nikisema «Sentensi ya kwanza!» mnajibu «Kwanza!» Sentensi ya kwanza!

(Pitchou, kwenye simu, peke yake: «Moero!»)

Inatosha. Natoa shukrani zangu za dhati kwa Komite, kwa Komite Ndogo, kwa kofia ya mkubwa, ambayo imekaa kwa nidhamu kuliko ninyi wote, na kwa Papa Octave, aliyetuamini akangoja. Mzee, tutakuja tena nyumbani kwako na kamba ya kupimia, kuna mjumbe mpya ana wasiwasi na vipimo vya mara ya kwanza. Merci mingi, natotela mukwai. Na ninyi mnaotoka, piteni hapa mbele mmoja mmoja muutazame ukurasa kwa karibu, lakini naomba mtu asiuguse: ni safi kabisa, haujachafuliwa na jina la mtu hata mmoja.